Majina Katikati ya Gitaa

Jumapili, 1 Septemba 2024. Alunguli

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na pamoja nayo ameshuka Djamali, mtoto wa marehemu mdogo wangu Bulaimu. Sisi tulikuwa tunangoja mvua tu.

Amekuja kwa miezi mitatu kufunga paneli za jua kwenye kituo cha afya, na atalala kwangu kwa sababu mimi ni shangazi yake na vyumba vya wageni mjini vina kunguni. Mara ya mwisho nilimwona ana miaka kumi na miwili, mama yake Latifa alipompitisha hapa wakienda Lubutu kwa bwana mpya. Sasa ana ishirini na tano, ana ndevu tatu, na ana sanduku jeusi ambalo hakumruhusu mwenye pikipiki alifunge kwa kamba. Nilidhani ni vyombo vya daktari. Kumbe ni muziki.

“Shangazi, hii iko sans perte,” aliniambia kabla hata hajanawa miguu. “Kwa telefone ya watu wimbo wanaukata-kata ili uingie. Hapa hakuna kitu ilitoka. Vile muntu aliimba, njo vile unasikia.”

Mji huu umepoteza umeme, barabara na nusu ya watu wake, sasa tumeletewa kitu kisichopoteza. Tumshukuru Mungu.

Jirani yangu Germaine amepita akitoka kanisani, kaniletea sombe, kama kila Jumapili tangu vita. Sombe ya Germaine ni chumvi iliyotiwa majani ya muhogo kidogo. Nimemshukuru kwa mdomo, nikawamwagia bata.

Jumanne, 3 Septemba

Mvua. Djamali anafuta nyaya zake kwa kitambaa laini kuliko shuka langu.

Jumapili, 8 Septemba

Amenivika zile spika zake za masikioni. Nilikubali ili anyamaze. Miaka thelathini na nne nimefundisha darasa la tano, najua njia ya haraka ya kumnyamazisha mtoto ni kumwacha aonyeshe alichonacho.

“Ni muimbaji ya zamani,” alisema. “Nyimbo zake zote zile kubwa-kubwa. Mama alisema papa alikuwa anamupenda.”

Nikasikia mtu anavuta pumzi. Nikageuka kutazama nyuma, na mpumbavu yule akacheka. Halafu kinanda, na chini ya kinanda mlio mdogo wa kanyagio, kama mlango wa kabati. Halafu sauti yenyewe, yenye mkwaruzo, sauti ya mtu aliyelia jana na leo amekuja kazini. Mzee Koo. Mji mzima ulimwita hivyo wakati wa vita. Jina lake la Kizungu hakuna aliyelishika, na maneno yake hakuna aliyeyaelewa, lakini kila nyumba ilikuwa na tafsiri yake.

Ila huyu hakuwa mzee. Kwenye redio zetu betri zilikuwa zinakufa, ukanda unajikokota, naye anajikokota nao. Miaka yote tulimhurumia babu. Kumbe ni kijana na anakwenda mbio.

Nakiri hapa, kwa kuwa hakuna atakayesoma: nilifurahi. Nilimsikia akimeza mate kati ya mstari na mstari. Vidole vyangu vya miguu vilicheza bila ruhusa. Halafu likaja gitaa la katikati, pale tulipozoea, nikangoja, na gitaa likapiga peke yake mpaka mwisho. Nikazivua.

“Imepungua,” nilimwambia.

“Imepunguka nini, Shangazi? Hii haipungukake!”

“Nimekwambia imepungua. Kalale.”

Jumatano, 11 Septemba

Germaine anamwimba Koo akitwanga, kwa Kiingereza chake alichokitunga mwenyewe. Debe tupu haliachi kuvuma.

Jumapili, 22 Septemba

Mvua siku tatu mfululizo. Bata wamenenepa kwa sombe. Sina la kufanya, basi niandike kilichopungua.

Kwetu Kongo mwimbaji hutaja majina ya watu ndani ya wimbo, na anayetajwa hutoa shukrani yake. Tunayaita mabanga. Bulaimu hakuwa mwimbaji. Alikuwa mnakili wa kaseti, na redio yake kubwa ya milango miwili, hapa hapa barazani kwangu. Lakini alikuwa na kinywa. Mwaka 2000 waasi walikuwa wameushika mji na watu wa msituni wameuzunguka. Mto haukuvukwa, chumvi ilipimwa kwa kijiko, betri, pile kwa lugha ya hapa, tulizianika juani juu ya bati kama mihogo na kuzichemsha jioni. Tulikuwa na kaseti moja nzuri, ya Koo, aliyoiacha daktari Mbelgiji alipokimbia. Bulaimu akaigeuza. Gitaa likianza, anapunguza sauti, anasogeza midomo kwenye tundu la maikrofoni, anataja: Papa Okito wa mtumbwi! Mama Germaine, mikono ya dhahabu! Mtu alitoa kikombe cha mchele, au betri yenye uhai kidogo. Wengine hawakutoa kitu, naye akawataja hivyo hivyo, kwa sababu alikuwa hajui kukataa watu.

Nakala zikaenea Alunguli nzima. Watoto wa miaka ile walikua wakidhani ni Koo mwenyewe anayewajua wazazi wao. Okito mpaka leo nadhani anaamini.

Halafu akamtaja Komanda wa waasi. Kwa betri nne mpya. Bulaimu aliwapenda wakubwa. Watu wa msituni walipoingia upande huu wa mto, wiki mbili tu walizokaa, kaseti ilikuwa inalia. Wakauliza ni nani huyo anayemsalimu adui. Wakamchukua mchana, wakaenda naye kando ya mto. Hawakurudi naye.

Kesho yake Alunguli yote ilivunja kaseti zake. Kanda zikatundikwa kwenye mashamba ya mpunga kuwafukuza ndege. Zikawa zinametameta na kuvuma upepo ukija. Mwaka ule ndege hawakula mpunga wetu.

Djamali alikuwa na miezi minane. Anajua baba yake alikufa vitani. Hajui zaidi, na mimi si gazeti.

Jumamosi, 28 Septemba

Ametangaza kikao cha kusikiliza muziki. Ameazima viti vya kanisa. Mwenye macho haambiwi tazama, basi nitakwenda kutazama.

Jumapili, 6 Oktoba

Sijacheka hivi tangu nistaafu. Baadaye sikucheka.

Kikao kilikuwa uani kwangu, saa tisa, baina ya mvua mbili. Djamali alisimamisha spika mbili ndefu kama mapadri, akatoa hotuba. Watu wazima zaidi ya thelathini wakatazama midomo yake. Germaine alikuwa mbele, na Okito alikuja na koti, mtu ambaye nimemwona akizika wake wawili bila koti.

Koo akaanza. Wakatazamana.

“Huyu si yeye,” alisema Okito. “Njo mutoto yake huyu.”

“Ni yeye, Papa. Njo sauti yake ya kweli.”

“Mimi namujua Koo. Koo iko muzee. Huyu anakimbia kama muntu mwenye deni.”

Wakanyamaza kwa heshima ya umeme. Kisha gitaa la kwanza. Nikaona kitu ambacho sikutegemea: migongo yote ilinyooka. Wale wa umri wangu walikuwa wanangoja. Germaine alifumba macho na akawa tayari ameanza kutabasamu. Gitaa likapiga, likapiga, Koo akarudi kuimba.

Okito akasimama.

“Simamisha. Jina yangu iko wapi?”

“Jina gani, Papa?” Djamali alitazama sanduku lake.

“Pale gitaa inaanza. Papa Okito ya mutumbwi. Kisha njo Mama Germaine. Wewe umesema hakuna kitu ilitoka. Mimi nilitoka! Watu wote walitoka!”

Na wengine wakaanza, huyu mama yake alikuwa wimbo wa tatu, yule kaka yake, aliyekufa kwa kipindupindu, wimbo wa tano. Djamali akawafafanulia kuwa mwimbaji yule hajawahi kufika Maniema, anaimba kwa watu wa kwao. Kumwambia Okito hivyo ni kumwambia kuwa mto haupo. Kelele zikapanda. Wajinga thelathini wakimlaumu mjinga mmoja. Nikashindwa kujizuia.

“Nyamazeni,” nilisema. “Majina yenu hayako kwa Mzungu. Yako kwangu, ndani ya mkebe wa maziwa. Aliyekuwa anawataja ni Bulaimu, sauti yake mnaijua, mnajifanya hamuijui.”

Ulimi hauna mfupa. Djamali akazima sanduku lake.

“Sauti ya papa?” aliniuliza. “Uko nayo, Shangazi? Tangu siku gani uko nayo?”

Jumatatu, 7 Oktoba

Ameomba kaseti. Nimekataa.

Jumanne, 8 Oktoba

Ameomba. Nimekataa. Mvua.

Alhamisi, 10 Oktoba

Haombi tena. Anakula, anashukuru, anakwenda kwenye paneli zake. Mtu mzima angegombana.

Jumapili, 13 Oktoba

Germaine na sombe. “Mwalimu, mutoto anakonda,” alinong'ona mlangoni. Nikamwambia atazame sufuria zake.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimefungua mkebe. Ukungu mweupe umeota juu ya ukanda kama juu ya mkate. Djamali alisimama nyuma yangu, hakugusa.

“Mvua nyingine ya namna hii, itakuwa udongo,” alisema. “Naweza kuisafisha. Nina rafiki kwa radio moja Kisangani, atanitumia mashine ya kaseti na ndege. Nitaichukua sauti yote, bila kupunguza. Miye sijawahi kumusikia, Shangazi. Hata kikohozi.”

Nimempa. Nilijiambia ni kwa sababu ya ukungu.

Sasa niandike nilichokiruka. Komanda lilikuwa wazo langu. Redio ilikuwa imebaki na uhai wa wimbo mmoja, mji umenyamaza wiki tatu, na mimi ndiye niliyesema: mtaje yule, ana betri. Bulaimu alicheka akakubali mara moja, alipenda mambo makubwa. Ndivyo ilivyokuwa. Watu wa msituni walipouliza nilikuwa jikoni, nikabaki jikoni.

Hii ndiyo sababu nimeificha, si kwa sababu ya kuipenda. Mtoto atasikia jina la Komanda kwa sauti ya baba yake, atauliza.

Jumanne, 5 Novemba

Mashine imefika. Ameifungua kaseti kwa bisibisi ya fundi saa, ameupangusa ukanda kwa pamba na pombe kali, kipande kwa kipande, na kuuhamishia kwenye ganda jipya. Siku mbili. Sijawahi kumwona mtu wa umri wake akikaa kimya siku mbili bila kuumwa.

Alhamisi, 7 Novemba

Leo ameinakili. Amejifungia na spika zake za masikioni. Nilikaa nje nikichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

Alitoka saa kumi, uso umelowa, wala hakuufuta. “Ameniita,” alisema. “Wimbo ya mwisho. ‘Djamali wangu, bwana ya meno mbili!’ Nilikuwa na meno mbili, Shangazi?”

“Mawili,” nilisema. “Uliniuma nayo.”

Akacheka kwa kicheko cha Bulaimu, mdomo upande mmoja. Miezi miwili yuko nyumbani kwangu na sikukiona. Nilikuwa natazama ndevu.

Ijumaa, 8 Novemba

Hakuuliza kitu.

Jumapili, 10 Novemba

Hakuuliza. Amewaahidi watu kikao kipya, chenye majina. Okito ameanza kukausha koti.

Jumatano, 13 Novemba

Hakuuliza. Ananitazama ninapompa chai.

Jumapili, 17 Novemba

Nimeanza mimi. Nilimkuta anakunja waya.

“Kabla ya kikao, kuna mahali ukate.”

“Mahali gani?”

“Wimbo wa saba. Jina la Komanda. Watu wengine bado wana uchungu.”

Aliendelea kukunja. Alikunja mpaka mwisho, akafunga kwa uzi.

“Nikate jina ya Komanda,” alisema, “ao nikate sauti ya ule mwanamuke anamuambia amutaje?”

Nikaketi. Redio zile zilikuwa na spika za ukubwa wa sahani ya chai, na betri zilizochemshwa. Hazikuwahi kutoa zaidi ya Koo na Bulaimu. Miaka ishirini na minne sikujua kuwa nimo. Chombo chake nilichokidharau siku ya kwanza ndicho kilichonisikia.

“Njo wewe?” aliuliza.

“Ni mimi.”

Nikamweleza yote, betri, jikoni, mto. Nilisema kama ninavyosoma matokeo ya mtihani, kwa sababu sijui namna nyingine. 

“Nilijua tangu ile tarehe saba,” alisema mwishowe. “Nilingojea useme. Sasa umesema, nitakata ukitaka. Lakini sikia kwanza, Shangazi. Sikia mbele ya jina.”

Ameniachia spika za masikioni mezani na kwenda kulala kwa Okito.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimesikiliza. Gitaa linaanza. Mguu wa kiti unakwaruza saruji. Halafu mimi, karibu, mnong'ono wa mwalimu anayemsaidia mtoto jibu:

“Mutaje Komanda.”

Na yeye, mbali kidogo na maikrofoni:

“Hapana, dada.”

“Pile zimekwisha. Mutaje.”

Kisha anavuta pumzi. Naisikia kama nilivyoisikia ya Koo. Kisha anamtaja, kwa furaha, kwa sauti yake ya kazini.

Hakucheka. Hakukubali mara moja. Alisema hapana, na nilikuwa nimelisahau, au nimelitupa. Kwenye daftari hili hili, tarehe 22 Septemba, nimeandika kuwa aliwapenda wakubwa. Nilimdharau hata yeye ili niweze kulala. Nyani haoni kundule.

Nimesikiliza mara sita. Kila mara anasema hapana.

Jumatano, 20 Novemba

Nimemwendea Djamali kwa Okito, kwenye tope, na viatu vya msikitini. Nimemwambia: “Usikate.”

“Yote ibakie?”

“Yote.”

Akasema sawa. Sikuwa na haki ya kungoja kingine. Lakini jioni alirudi kula kwangu.

Jumamosi, 30 Novemba

Viti vimekuja. Nimeweka changu mbele, peke yake.

Jumapili, 1 Desemba

Mvua ilikatika saa nane. Watu walikuwa mara mbili ya ile siku, wengine wamesimama nje ya lupango, ua wangu wa matete, wanachungulia juu yake. Djamali hakutoa hotuba. Ameipunguza mbio kidogo kama tulivyozoea, na Koo akatokea babu, akijikokota, wakapiga makofi kama mtu aliyerudi safari.

Majina yakaanza. Okito alitajwa akainuka, akabaki wima wimbo wote. Yule wa kipindupindu alitajwa, na ndugu yake akafunika uso. Spika zile ndefu zilikuwa zinamleta Bulaimu kama anakaa barazani na miguu imekunjwa. Nilikuwa nahesabu nyimbo.

Wa saba. Kiti kikakwaruza. Sauti yangu ikatoka kwenye wale mapadri wawili wa spika, kubwa, safi, uani kwangu: Mutaje Komanda. Hapana, dada. Pile zimekwisha. Mutaje.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilinyoosha shingo. Dharau nimeigawa mji huu robo ya karne bila kumnyima mtu, nikasema leo wanirudishie. Nikangoja hata mmoja ateme mate.

Hawakusikia. Au walisikia na hawakujua wafanye nini nayo. Jina lililofuata lilikuwa la muuza mafuta wa zamani, na binti yake akapiga kigelegele. Watu walikuwa wamekuja kusikiliza majina yao. Djamali peke yake alinitazama, toka wa saba mpaka wa mwisho, mpaka bwana wa meno mawili.

Walipoondoka Germaine akabaki, na bakuli lake limefunikwa sahani. Nikamuuliza.

“Ulinisikia, Germaine? Wimbo wa saba?”

“Nilikusikia, Mwalimu.”

“Basi sema.”

“Sikukusikia leo tu,” alisema. “Ile siku nilikuwa ngambo ya lupango hapa, natwanga. Nilisikia yote, na ile hapana yake. Na nilifurahi. Nilisema, pile zitakuja, tutasikia muziki. Sisi wote tulitaka pile.”

“Ulijua. Miaka yote hii.”

“Ile wiki walimuchukua Bulaimu, nilikuletea sombe. Sikuwa na neno ingine. Chumvi ilikuwa kijiko moja nyumba nzima, niliitia yote, nikasema Mwalimu asikie ladha. Kisha nikazoea kupima vile.”

Aliweka bakuli mezani, akaenda kuwafukuza watoto kwenye viti.

Nimeketi na sombe yake. Djamali alikuwa anafunga nyaya, bata wamejipanga mlangoni wakinitazama, wanajua Jumapili. Nimewafungia nje. Nimekula na ugali, kwa mkono, mpaka nimepangusa bakuli. Ilikuwa na chumvi nyingi mno.